Samadi ya Mama Ngusa

Thacienne alibakiwa na viazi mviringo kumi na viwili tu, vimechipua juu ya ungo. Mbegu ile aliachiwa na marehemu mama yake, nayo huipati hata uzunguke masoko yote ya Mpanda. Msimu uliopita ng'ombe wa jirani yake, Minza, waliingia uani wakavikanyaga vingine vyote. Tangu hapo salamu za wanawake hao zikawa za mdomoni tu.

Leo Minza kaja na mkokoteni uliojaa samadi.

"Mama Egide, nimekuletea ya viazi. Ya leo leo hii, bado inafuka moshi!"

Thacienne alishukuru. Samadi mbichi huunguza mbegu, nani asiyejua? Akiitumia, mbegu ya mama imekwenda. Akiikataa, amekataa kuombwa radhi, na ujirani nao umekwenda.

Siku tatu alilizunguka lundo lile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ya nne akajifunga kitenge, akaenda kwa Minza. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Mama Ngusa, usinikasirikie. Samadi yako mbichi, itaniunguzia mbegu ya marehemu mama yangu."

Minza akaduwaa. "Kwani mi sijui? Iliyoiva ipo, imeshakuwa udongo kabisa. Niliona aibu. Mtu umemkosea, halafu unampelekea mavi ya mwaka juzi?"

Thacienne alicheka mpaka akashika mbavu, na Minza naye ikamshinda, akacheka.

Kisha Minza akachukua jembe, wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye zizi kuukuu. Hapo ndipo ng'ombe wa marehemu mumewe walipokuwa wakilala enzi za uhai wake, na tangu azikwe hakuna aliyechimba pale. Minza aliinua jembe, likabaki hewani. Thacienne aliliona hilo, na roho ikamuuma.

"Acha tu, Mama Ngusa. Nitatafuta kwingine."

"Si ulisema mbegu ni ya marehemu mama yako?" Minza alijibu bila kugeuka. Jembe likashuka, udongo mweusi ukafumuka. "Basi na hii ni ya marehemu."

Thacienne alifungua kitenge chake, akakitandika chini, akapiga magoti na kuanza kuipokea kwa mikono miwili.