Mistari Mia na Kumi na Sita

Wale wanawake wa Kituku niliwapigisha mimi. Usinikatize, nimalize. Kule Keshero watu wanasema ni askari, na kweli fimbo zilikuwa mikononi mwa askari. Lakini karatasi waliyokuja nayo niliiandika mimi Saumu, infirmière, muuguzi mwenye miaka kumi na moja ya kazi, mwenye kujisifu kwamba hesabu haimushindi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na ine. Kisonono kilikuwa kimeingia kambi ya askari, na adjudant Bagalwa, mukubwa wa kambi, alitaka kujua nani anakileta. Alimuandikia chef, mukubwa wetu wa dispanseri, citoyen Buhendwa, ndivyo tulivyoitana wakati ule, amulinganishie: wagonjwa wangapi kambini, wangapi kati ya wanawake wauza samaki wa Kituku, pale pwani ya ziwa. Buhendwa alinitupia mimi kazi hiyo siku ya Alhamisi, akaenda zake kwenye matanga huko Masisi.

Nilifungua kitabu cha wagonjwa nikahesabu mistari ya kisonono. Kituku, mia na kumi na sita. Kwa kambi nikahesabu karatasi zao ngumu ndani ya sanduku: makumi sita na moja. Nikapiga muhuri, nikatuma. Haikunichukua hata saa moja, na nilijiona fundi.

Sasa sikia ujinga wangu. Sindano za kisonono kwetu zilikuwa ine, leo moja, kesho moja, mpaka zitimie. Mwanamuke wa Kituku akija siku ine, tulimuandika mistari ine, kwa sababu dawa ilitumwa kwa kufuata mistari: mistari ikipungua, na peniselini inapungua. Askari wao hawapangi foleni, wala hawataki jina lao kitabuni. Kila mumoja alikuwa na karatasi yake moja tu sandukuni, na sindano zake zote ine zilitiwa alama humo humo. Kwa hiyo Kituku nilihesabu sindano, na kambini nilihesabu watu, nikaviweka pamoja kama vitu vya namna moja.

Jumamosi asubuhi bwana yangu Yuma aliingia dispanseri akihema. Alisema askari wako Kituku na kamiyo, lori lao, wanakamata wanawake, watawapeleka kuwatupa mbali kupita Sake, wasikanyage tena pwani. Wamemushika Mwasiti. Huyo Mwasiti ni dada ya bwana yangu, wifi yangu, tumekula sahani moja miaka tisa. Alikuwa amenijia na ugonjwa wake kwa siri, nikamudunga mwenyewe, na hata kaka yake hakujua. Halafu Yuma akaongeza: askari wanahesabu. Wanatafuta wanawake mia na kumi na sita.

Ndipo akili ilinirudia. Nilifungua kitabu mbele ya Yuma, nikahesabu majina badala ya mistari. Wanawake makumi mbili na tisa. Wauzaji wa Kituku walikuwa mia ine, ni kusema saba kwa mia. Askari walikuwa mia tatu, wagonjwa makumi sita na moja, makumi mbili kwa mia. Ugonjwa ulikuwa umelala kambini. Nilibeba kitabu na sanduku, nikakimbia.

Mungu wangu, yale niliyoyaona. Sambaza, samaki zao ndogo, zilikuwa zimekanyagwa zikawa uji, na damu juu ya mawe meusi. Kila mwanamuke alilazwa chini, akachapwa viboko kumi, akatupwa ndani ya kamiyo juu ya wenzake, na caporal akitaja namba yake kwa sauti. Walikuwa wamefika makumi saba na tatu. Mwenye mutoto mugongoni alipigwa kwenye miguu mpaka akaanguka kwa magoti. Mwasiti alikuwa chini, askari amesimama na buti juu ya mukono wake wa kuume, anausaga.

Nilimupigia Bagalwa magoti. Nilimuambia ni kosa langu, wagonjwa ni makumi mbili na tisa tu, na tena wamepona, na hesabu ya kweli ni hii. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu alinipiga kofi nikaona giza.

"Karatasi iko na muhuri," alisema. "Mia na kumi na sita nitawatimiza."

Basi hasira ikanipanda, ile ya kutojali kufa. Nilisimama nikafungua sanduku, nikasoma kwa sauti yote niliyonayo. Nilisoma jina la caporal aliyekuwa anahesabu, na tarehe zake. Nilisoma la yule aliyekuwa juu ya mukono wa Mwasiti. Karatasi ya tatu ilikuwa ya Bagalwa mwenyewe, mara mbili kwa mwaka mumoja, na hiyo niliisoma polepole.

Alinipiga kitako cha bunduki mudomoni. Meno matatu yaling'oka, pengo hili hapa, tazama. Sanduku lilianguka, karatasi zikatawanyika juu ya mawe, na wale wanaume waliacha fimbo wote pamoja, wakarukia karatasi, kila mutu anatafuta yake kabla mwenzake hajaisoma. Walisukumana, wakapigana ngumi. Wanawake waliruka kutoka kwenye kamiyo, wakaingia mitumbwini, wavuvi wakawasukuma ziwani. Niliangalia hayo yote nikiwa chini, nimeshika mudomo.

Mumoja hakuruka. Mama Donatille, muzee wa Masisi aliyekuja Kituku kuuza maharagwe, hajawahi kudungwa sindano maishani mwake. Walimukuta chini kabisa ndani ya kamiyo, amekufa kwa kukosa pumzi.

Kazi niliipoteza Jumatatu, na hiyo sikuililia. Jioni ya siku ileile ya Jumamosi nilimufunga Mwasiti vidole vyake kwa vipande vya mbao. Ni mukono wa kuparia samaki, na hautakunjika tena. Nilimuelezea hesabu yote, mistari, karatasi, saba kwa mia, makumi mbili kwa mia. Nilitaka anisamehe.

"Saumu," alisema, "siku ine nilikuja kwako, na siku ine uliandika jina langu. Ulifikiri kila siku anakuja Mwasiti mwengine?"

Nililia mbele yake kama mutoto, na yeye akageukia ukuta.