Gundi ya Sura ya Tisa

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mpishi wa shule aliingia maabara akiwa ameshika sufuria ya gundi kwa vitambaa viwili, akaiweka juu ya meza ya mbele, kati ya mizani na kopo la chaki. Gundi ilikuwa ya unga wa ngano, nzito, bado inatoa mvuke. Wajumbe wa bodi walikuwa wameshakunja mikono ya mashati. Kila mmoja alikuwa na brashi yake, na mbele yake rundo la vitabu vya Biolojia vya kidato cha nne, arobaini na viwili kwa jumla, vimefunguliwa ukurasa wa mia moja arobaini na moja.

Hiyo ndiyo Siku ya Gundi. Ilianza miaka sita nyuma, mzazi mmoja alipomkuta binti yake akisoma kwamba viumbe vyote vina ukoo mmoja. Mkutano uliitishwa. Viongozi wa dini, ambao kwa kawaida hawakai benchi moja, siku hiyo walikaa benchi moja na wakaazimana kalamu. Waliamua kwamba vitabu visichomwe, maana ni mali ya serikali, ila sura ya tisa, Mabadiliko ya Viumbe, ibandikwe ukurasa kwa ukurasa hadi iwe ngumu kama ubao. Mwaka wa kwanza walibandika kwa jazba mpaka sura ya kumi, inayohusu kunawa mikono, na muhula ule shule nzima iliharisha. Tangu hapo mwalimu wa Biolojia huitwa kusimamia.

Mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Mama Hadubini, kwa sababu hadubini ya shule ilikuwa moja tu na alikuwa akiibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kazi yake Siku ya Gundi ilikuwa kupita meza kwa meza akisema, "Ishia hapo, mzee wangu, ukurasa huo ni wa usafi." Alisema kwa upole. Aliporudi nyumbani alioga mara mbili.

Kilichomkaa rohoni kilikuwa swali la kumi na moja. Mtihani wa taifa, ambao hautungwi na bodi ya shule, kila mwaka uliuliza swali la kumi na moja kutoka sura ya tisa. Swali la lazima, alama ishirini. Kila mwaka wanafunzi wake waliliacha jeupe. Mwaka uliopita alishindwa kuvumilia, akawanong'oneza mambo mawili matatu huku madirisha yamefungwa, na wiki haijaisha akawa ameshapewa barua ya onyo. Barua ilimkataza kutamka, kusoma kwa sauti au kuandika ubaoni jambo lolote la sura ya tisa. Ya pili, iliongeza, itakuwa ya mwisho. Maana yake hakuhitaji kuelezwa: unga utamwagika. Na mwaka huu katika darasa hilo alikuwemo binti wa mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na ambaye kutwa kucha alikuwa akizungumzia chuo cha uuguzi. Bila swali la kumi na moja, alama zake zisingefika.

Mpishi hakuwa na ubaya na mtu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekoroga uji wa wanafunzi katika sufuria ileile, na asubuhi hiyo, kwa mazoea, alitia sukari. Hakuna aliyegundua isipokuwa mjumbe mmoja aliyelamba kidole ili afunue ukurasa, akatulia kidogo, akalamba tena.

Jumatatu Mama Hadubini alifungua kabati la vitabu akakuta kurasa zote za sura ya tisa zimebanduka. Zilikuwa nyeupe pe, hazina hata nukta. Kwenye rafu ya chini alikuwa amelala mjusi wa ukutani, yule ambaye watu humwita kafiri bila kumuuliza imani yake, tumbo limemvimba, bado akijilamba gundi mdomoni. Ukimsogelea uliona maandishi yakipita polepole chini ya ngozi ya tumbo. Mama Hadubini alisoma "kielelezo cha tatu," kisha mjusi akageukia upande wa pili. Alionekana ana kiu. Mwalimu alimchukua kwa kitambaa akamweka kwenye sinki, akafungua maji.

Kufikia kipindi cha nne mjusi alikuwa ameota matamvua na miguu yake imekuwa mapezi.

"Mwalimu," alisema binti wa mdogo wake, ambaye shuleni alimwita mwalimu na nyumbani mama mkubwa, "huyu amekuwa samaki."

Mama Hadubini alifungua mdomo. Akaikumbuka barua, akaufunga. Aligeukia ubao akaandika tarehe, peke yake, kwa herufi kubwa.

"Sura ya pili," alisema. "Kuchunguza viumbe. Choreni mnachokiona, na tarehe msisahau."

Wakachora. Muhula ule wote walichora. Wiki ya tatu samaki alianza kupanda ukingo wa sinki kwa mapezi yaliyokuwa yakinenepa na kupata vifundo. Wiki ya tano alishuka sakafuni, akawa anashinda chini ya bomba linalovuja, ngozi mbichi, anapumua kwa shida kama mtu aliyepanda ngazi. Wiki ya saba akawa na magamba, akahamia dirishani kuota jua. Mhudumu wa usafi alilalamika kwamba anaacha alama kwenye kioo, akaelekezwa atumie sabuni ya maji.

Wiki ya tisa alitaga mayai mawili ndani ya sanduku la mirija ya kupimia. Moja halikutoa kitu. La pili lilitoa kifaranga mwenye meno, ambaye mpishi alimchukua akamchanganya na kuku wake. Meno yalimng'oka mwezi uleule na mpaka leo anataga vizuri. Mzazi wake akafuata njia nyingine. Magamba yalimwanguka, akaota manyoya laini, akawa hataki tena jua.

"Sasa, mwalimu," mwanafunzi mmoja aliuliza, "huyu na yule kuku wa mpishi ni ndugu?"

"Andika tarehe," alisema Mama Hadubini.

Mkuu wa shule, ambaye alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hakutaka kusikia jambo lolote jipya katika miaka hiyo, alikuja kukagua. Alimkuta kiumbe amekaa juu ya kabati, akifungua koki ya gesi na kuifunga, jambo ambalo kidato cha nne hakijawahi kujifunza, la kufunga hasa.

"Umewaambia nini watoto?" aliuliza.

"Tarehe tu, mkuu."

Mkuu alikusanya madaftari yote arobaini na mawili, akayapitia ofisini mlango umefungwa. Alikuta michoro na tarehe. Hakuna neno lililotamkwa, hakuna lililosomwa, na ubaoni palikuwa na siku ya mwezi. Aliitoa ile barua ya onyo kwenye faili, akaisoma mara mbili, akashusha pumzi ndefu. Kuchora hakukutajwa popote. Alirudisha madaftari mwenyewe, na mengine aliyapangusa vumbi.

Muhula wa pili mkia ulimwanguka kiumbe siku ya Jumanne. Mhudumu wa usafi aliukuta chini ya dawati akaufagia. Wiki chache baadaye kiumbe akaanza kusimama, kwanza kwa kushika meza, kisha bila kushika. Manyoya yalipungua, uso ukatulia. Mwisho wa muhula aliyekuwa amekaa kwenye stuli karibu na dirisha alikuwa bibi kizee mfupi, kifua kipana, amejifunika koti jeupe la maabara ambalo Mama Hadubini alimvisha kwa ajili ya stara. Aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja kama mtu anayehesabu wajukuu baada ya safari ndefu.

"Vidole vyake ni vya bibi yetu," alisema binti siku hiyo wakirudi nyumbani. "Mama mkubwa, umeviona?"

"Nimeona mguu," alisema Mama Hadubini. Kidole cha pili cha mguu kilikuwa kirefu kuliko gumba, vilevile kama cha marehemu mama yake. Aligeuza uso upande wa barabara akajifuta macho. Alikuwa amemkumbuka mama yake sana wiki ile.

Mzazi mmoja akaona daftari la mwanawe. Siku mbili baadaye Mwenyekiti wa bodi aliteremka kwenye gari lake mbele ya maabara, barua ya pili ikiwa ndani ya bahasha, imeshachapwa, imeshagongwa muhuri. Mwenyekiti alikuwa muuza mabati, mtu wa ibada na wa maneno machache, mwenye paji la uso lililochomoza juu ya macho kama kibaraza. Mkuu wa shule alimfuata nyuma akipapasa tai yake.

Mama Hadubini alimwona kupitia dirishani. Alifikiria kodi ya nyumba, akamfikiria binti, akaiweka hadubini mezani kwa uangalifu, kwa kuwa haikuwa yake.

Mwenyekiti aliingia, bahasha mkononi, akafungua kinywa. Hapo akamwona bibi kwenye stuli. Bibi naye alimgeukia, na chini ya mwanga wa dirisha paji lake la uso lilikuwa limechomoza juu ya macho kama kibaraza.

Mwenyekiti alivua kofia.

"Shikamoo," alisema.

Bibi alinyoosha mkono akamgusa kichwani, akauacha pale kidogo. Mwenyekiti alipiga magoti ili asimchoshe.

"Nani amemleta huyu mzee hapa?" aliuliza hatimaye, akiwa bado chini.

"Alikuwepo tangu mwanzo wa mwaka," alisema Mama Hadubini. Hilo lilikuwa kweli.

"Na mnamkalisha kwenye stuli isiyo na mgongo?" Mwenyekiti alisimama, akawaangalia wote, mkuu wa shule akiwemo. "Hamna haya? Mtu mzima kama huyu, jasho linamtoka, na nyinyi mmekaa mnachora!"

Akaanza kumpepea. Hakuwa na kitu kingine mkononi, akampepea kwa ile bahasha, taratibu, usoni na shingoni, na alipomshika mkono kumwongoza kwenda kwenye gari alikuwa bado anampepea. Mke wake, aliyekuwa kiti cha mbele, alihamia nyuma bila kuuliza, akamwamkia bibi kwa adabu. Nyumbani kwa Mwenyekiti bibi alipewa chumba chenye dirisha, akaandikwa kwenye orodha ya wanaukoo, juu kabisa. Bahasha ilibaki kwa bibi. Joto lilikuwa kali mwaka ule na alisemekana kuipenda.

Gari lilipoondoka, Mama Hadubini alikaa kwenye stuli iliyobaki wazi. Alicheka peke yake, kicheko kidogo kisicho na sauti, mpaka mabega yakamtikisika. Darasa lilimsubiri.

"Andikeni tarehe," alisema.

Kwenye mtihani wa taifa swali la kumi na moja lilikuja kama lilivyo kawaida yake. Wanafunzi arobaini na wawili walilijibu kwa michoro, kuanzia samaki, kupitia kifaranga mwenye meno, hadi mguu wenye kidole cha pili kirefu, na chini ya kila mchoro waliandika tarehe. Wasahihishaji walishangazwa na tarehe tu, lakini hawakukata alama. Siku ya matokeo binti aliingia jikoni akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa, nimechaguliwa uuguzi!"

Mama Hadubini alizima jiko kwanza. Kisha alimkumbatia, akamshikilia kwa muda mrefu, na mzigo wa miaka sita ukamteremka mgongoni mpaka akahisi mwepesi kama kijana. Usiku huo alioga mara moja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, vitabu vipya vilishawasili kufidia vile vilivyofutika. Mpishi alileta sufuria. Wajumbe walikunja mikono ya mashati. Mwenyekiti alikuja na bibi, akamkalisha karibu na meza ya mbele, kwenye kiti chenye mgongo alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, akamwekea na mto.

"Kabla hatujaanza," alisema Mwenyekiti kwa wajumbe, mkono wake uko begani kwa bibi, "tukumbushane kwa nini tuko hapa. Kusema kwamba tuna ukoo na wanyama ni kuwatukana wazee wetu. Na mimi mzee wangu hatukanwi."

Wajumbe waliitikia, wakachukua brashi. Bibi aliwatazama kwa makini.

Mama Hadubini alisogelea meza ya mbele, akainama karibu na mpishi.

"Umetia sukari?"

"Mwaka huu nimekatazwa kabisa," alisema mpishi. "Wanasema ilivutia wadudu."

Mpishi akageuka kutafuta mwiko. Mama Hadubini alitoa mfuko mdogo kwenye pochi yake, akamimina kijiko kimoja, akamimina cha pili, akauweka mfuko mezani, akakoroga kwa kalamu. Alipoinua macho alikuta bibi ameegemea mbele kutoka kwenye kiti chake, anamwangalia. Bibi alichovya kidole kwenye gundi, akaonja, akafikiri, akatikisa kichwa. Kisha akausukuma ule mfuko taratibu kuelekea kwa mwalimu, naye Mama Hadubini akaongeza kijiko cha tatu.