Mwaka Ng'ombe Walipokwisha

"Simama vizuri, visigino viguse ukuta," Leonida alisema, akateremsha kibao cha kupimia urefu hadi kikatua juu ya kichwa cha Kimaren. Akasoma namba. Akamwomba kijana atoke, arudi, asimame upya. Namba ikawa ileile. Tangu mwaka jana alikuwa amerefuka sentimita tisa.

Sentimita tisa, kwa mtu wa miaka kumi na minane! Leonida aliandika, akavuta kiti.

Kwa mwaka wa saba sasa, katika chumba hicho cha nyuma ya zahanati, Karatu, alikuwa akiwafuatilia watoto walewale mia mbili. Aliwapima, akawauliza kama wameonja pombe, sigara au bangi, kisha wakapelekwa Arusha kupigwa picha ya ubongo, ili wataalamu waone unavyokua kwa anayetumia na asiyetumia. Leonida hakuisomea kazi hiyo. Alianza akiwa mfagizi wa zahanati, akajifunza fomu moja baada ya nyingine.

"Pombe ulionja lini mara ya kwanza?"

"Nikiwa na kumi na sita. Mwaka juzi, nilipoanza kulinda magari kule kwenye kambi ya watalii. Madereva walikuwa wanabakiza." Kimaren akatupia mlango jicho. "Mama yangu hataambiwa?"

"Miaka yote hii amewahi kuambiwa nini?"

"Hakuna."

"Basi. Sasa nikuulize jambo lisilomo kwenye fomu. Wewe na binamu yako Sitonik, nani alitangulia kuchunga?"

Kimaren akacheka. "Sitonik! Yeye anachunga ndama, mimi bado nabebwa mgongoni. Alinichapa sana yule."

Sitonik naye alikuwamo katika utafiti, na yeye alikuwa na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa na miaka kumi na saba tu.

Leonida akainuka, akaitoa fomu ya kwanza ya Kimaren. Mwandiko ulikuwa wake. Mtoto hakuwa na kadi, na mama yake, Nareyu, alisema tu kwamba alizaliwa mwaka ng'ombe walipokwisha. Leonida alihesabu bila kuuliza zaidi. Kwao, kwa Wairaqw wa huku mashambani, ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yake ulikuwa mmoja. Kule Ngorongoro, kwao Kimaren, ng'ombe walikwisha mara mbili, na kati ya ukame na ukame ilipita miaka mitatu.

"Nadhani una kumi na mitano," alisema. "Na pombe uliionja ukiwa na kumi na mitatu. Kosa ni langu, si lako."

"Mama Leonida! Nimetahiriwa, nimevaa nguo nyeusi za jando, nimemaliza, halafu wewe unanirudisha kuchunga ndama?"

"Nyumbani wewe ni moran, kijana shujaa. Hapa natafuta miaka tu."

"Iache hivyo. Nani atajua?" Sauti yake ilikatika katikati, ikapanda. Akakohoa kuificha. "Nikiwa mtoto, mama lazima aje kusaini."

"Lazima. Mwaka huu ungesaini mwenyewe."

"Akija atauliza."

Leonida hakumharakisha. Aliunyoosha ukingo wa fomu kwa kidole.

"Picha yako wataitazama kama ya mtu wa kumi na minane," alisema hatimaye. "Wakiona ubongo haujakomaa, watasema ni pombe. Kumbe huenda ni umri tu. Au watasema ulianza kunywa ukubwani, nawe ulianza mdogo."

Kimaren akajishika kichwa.

"Ubongo wangu umeharibika?"

"Sijui, mwanangu. Wala wao hawajui bado. Ndiyo maana sitaki kuwapa namba ya uongo."

Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Kimaren akasimama, akajifunga shuka lake upya.

"Mama yuko hapa mjini, kwa dada yake. Nitamleta asubuhi. Umuulize ukame upi, basi. Usimuulize lingine."

"Hilo lingine halimo kwenye karatasi yake."

"Na mbele yake usiniite mtoto."

"Nitakuita Kimaren."

Alipoondoka, Leonida alizipanga fomu sita za miaka iliyopita mezani, kila moja na umri wake uliokosewa. Utaratibu ulitaka mstari mmoja juu ya namba, ili iliyokosewa ibaki inasomeka, kisha sahihi na tarehe. Alishika kalamu, akaiweka chini. Nareyu alikuwa hajasema. Akazibana fomu pamoja na ile ya saba, nafasi ya umri ikiwa tupu, akafunga kabati.