Milioni Moja na Tatu

Mapenzi ya walimu wa hesabu yana vituko vyake. Nakeno wa Lodwar na Onésphore wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma hawakuandikiana mashairi, walitegana namba. Mmoja akitoa namba kubwa, mwenzake aitafutie vigawanyo kwa kalamu tu, bila kikokotoo, na jibu alipeleke mwenyewe, si kwa simu. Asiye na jibu hapandi gari. Ndiyo sheria waliyojiwekea, tena wakiwa na akili zao timamu.

Jumapili moja, wakiagana Kakuma, Onésphore alimwandikia kiganjani: 1,000,003.

"Ukipata jibu, ukuye nayo," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. Safari hii hakutabasamu.

Nakeno alijaribu mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Zote zilibakisha. Huyu bwana leo amenikamia, akajisemea, akacheka. Kwa kuwa elfu mara elfu ni milioni, ikambidi ajaribu namba tasa zote zilizo chini ya elfu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, nazo ni mia moja sitini na nane. Kila jioni aligawanya, madaftari ya gredi ya saba yakimngoja. Alimtamani Onésphore hadi chakula kikamshinda, lakini kwenda mikono mitupu aliona haya. Kiburi nacho ni maradhi.

Ijumaa ya wiki ya pili aligawanya kwa ile ya mwisho, mia tisa tisini na saba, ikabaki kumi na mbili. Akapiga kigelegele peke yake. Milioni moja na tatu yenyewe ni namba tasa! Jumamosi asubuhi alikuwa Kakuma.

Mlango wa Onésphore ulikuwa na kufuli. Kuot, jirani yake, alitoka nje akasahau hata salamu.

"Madam, yeye alienda juzi Alhamisi. Kanada. Alingoja wewe mpaka gari ikapiga honi."

"Mbona hakuniambia siku ya safari?"

"Hakutaka ukuje kwa huruma. Alisema ile namba ni rahisi, inagawanyika na kumi na tatu, tarehe mlijuana. Kama unamtaka, siku mbili uko hapa. Ukikuja, anafuta jina kwa safari, anakuoa. Usipokuja, hiyo ndiyo jibu yako."

Kuot alimpa karatasi ambayo Onésphore alikuwa ameiacha. 76,931 mara 13. Nakeno, msahihishaji wa miaka tisa, aliliona kosa papo hapo. Kwenye kujumlisha, makumi yalifika kumi, na Onésphore hakuibeba ile moja. Jibu sahihi lilikuwa 1,000,103, si 1,000,003. Kosa la mtoto wa shule, au la mtu mzima ambaye mawazo yake yako kwingine.

Alipiga simu, haipatikani. Akaketi kizingitini akalia bila kujificha, maana alimpenda, na huko aliko mwanamume yule alikuwa anaamini amekataliwa.

"Akinipigia, niseme nini?" Kuot akauliza kwa upole.

"Mwambie nilikuja," Nakeno akasema. "Mwambie nilikuwa njiani tangu Jumapili ile."