Dakika Kumi za Giza

Mwalimu Ildefons Kahangwa alikuwa na jibu kwa kila swali, na mkewe Edvina alikuwa amechoka nalo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukimuuliza kwa nini mvua ya Muleba hupenda kunyesha alfajiri, atakueleza habari za ziwa na pepo za nchi kavu mpaka chai yako ipoe. Miaka ishirini na miwili alifundisha fizikia katika sekondari moja ya hapo wilayani, kwa chaki na vifaa vya kuokoteza, na hakuna mtu wa maana aliyewahi kumwandikia barua. Mwaka huu wakamwandikia.

Walikuwa watafiti wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Walifuatilia jiwe la barafu linalozunguka jua huko nje kabisa, mbali kupita sayari zote, ambalo hata darubini kubwa huliona kama punje ya vumbi. Jina halina, lina namba tu. Jumamosi moja ya Julai, saa mbili na dakika kumi na tisa usiku, jiwe hilo lingepita mbele ya nyota, na kivuli chake kingeikata Kagera kwa sekunde chache. Aliyesimama mahali panapofaa angeona nyota ikizimika, kisha ikiwaka tena. Sekunde hizo zikipimwa, ukubwa wa jiwe hujulikana. Si hilo tu: miaka ya karibuni, kwa njia hiyohiyo, wataalamu wamegundua kwamba baadhi ya mawe haya yamezungukwa na pete, tena nyingine ziko mahali ambapo hesabu za zamani zilikataa kabisa kwamba pete inaweza kukaa.

Zilihitajika darubini tatu kwa mstari: moja upande wa Uganda, moja Kibeta pale Bukoba mjini, moja Muleba. Ya Kibeta alipewa Alexander, kijana aliyefundishwa na Ildefons mwenyewe. Ya Muleba ikaletwa kwa basi, ndani ya sanduku, na mwalimu akaibeba kutoka stendi kama anabeba mayai.

"Hata siku ya harusi hukunishika hivyo," Edvina alimwambia.

Chumba cha pili alilala mama yake Ildefons, Ma Immakulata, miaka themanini na minne, ambaye tangu Pasaka hakuweza kuinuka. Daktari alishasema wakae naye tu nyumbani. Na kijijini kwao hakuna anayezikwa na jamaa zake peke yao. Kuna bujuni, chama cha kuzikana, Wakatoliki na Walutheri pamoja. Kila kaya huleta kuni, maji na ndizi, na wanaume wamegawanywa katika makundi ya zamu, wa kupokea mwili na wa kuchimba kaburi. Anayekosa msiba wa mwenzake hagombezwi. Anaachwa tu, na siku yake ikifika atajua maana ya kuachwa. Ildefons aliyajua hayo. Kila alipomgeuza mama yake kitandani, akamwona alivyokuwa mwepesi, alihesabu kichwani watu ambao angewahitaji karibuni, na aliogopa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kivuli, Ta Bartholomayo akafariki hospitalini Bukoba. Huyu alikuwa jirani yake, kibanja kwa kibanja, migomba yao ikipakana, Mlutheri mwenye sauti nene aliyekuwa akiimba hata akipalilia. Baba yake Ildefons alipokufa, jembe la kwanza kwenye kaburi lilipigwa na Ta Bartholomayo.

Ijumaa akaja Kamugisha, katibu wa bujuni, akasimama mlangoni na daftari lake.

"Mwili unatoka Bukoba kesho jioni, mwalimu. Kundi lenu ndilo la kubeba kutoka barabarani. Watu sita, na wewe ndiwe wa sita."

"Utafika saa ngapi?"

"Wanasema saa tatu, tatu na nusu."

Moyo ukamtulia. Muda ulitosha, hata wa kubadilisha shati. Angeishia hapo angekuwa mtu salama mpaka leo. Lakini Ildefons akaongeza, kwa neno la heshima la kwao: "Kuna jambo dogo, waitu. Zile taa za jenereta pale msibani zinamulika mpaka uani kwangu, na nyota yenyewe ni hafifu. Naomba zizimwe dakika kumi, kuanzia saa mbili na robo."

Kamugisha alimtazama kwanza. "Tuzime taa msibani?"

"Dakika kumi tu. Ni utafiti, utasomwa dunia nzima."

"Haya," alisema Kamugisha, ambaye watoto wake wote watatu walifaulu fizikia kwa Ildefons. "Kwa kuwa ni wewe."

Alipoondoka, Edvina alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Umewaomba wafiwa wakae gizani."

"Nimemwomba katibu."

"Ildefons," alisema, akarudi jikoni. Walipooana alikuwa akimalizia sentensi za namna hiyo. Siku hizi hakujisumbua.

Jumamosi mawingu yalitanda mchana kutwa, yakaondoka jioni. Edvina alikwenda msibani mapema na mkungu wa ndizi kichwani. Ildefons akasimika darubini uani, akaiunganisha kamera na kompyuta, akaitafuta nyota mpaka akaipata: kitone kimoja katikati ya kioo. Kamera ilipangiwa muda. Ingeanza yenyewe, ingerekodi yenyewe, ingeacha yenyewe. Saa mbili na robo taa za msibani zikazimika kama alivyoahidiwa, na nyimbo zikaendelea kuimbwa gizani, polepole zaidi. Alifurahi. Ni lazima isemwe kwamba alifurahi, kwa sababu baadaye furaha hiyo ndiyo aliyoichukia kuliko yote.

Saa mbili na dakika kumi na saba akasikia gari.

Dereva alikuwa amewahi. Aliogopa mvua, akakanyaga mafuta, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Ildefons alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, akasikia sauti ya Kamugisha ikiuliza: "Mwalimu yuko wapi? Tuko watano!" Mtu akajibu kitu. Mwingine akaita aliyekuwa na ufunguo wa jenereta, hakuitikiwa. Kutoka uani mpaka barabarani ni mwendo wa dakika moja, mbili kwa mtu wa umri wake. Akatazama kitone. Dakika mbili, alijiambia, ni dakika mbili tu, wataningoja.

Hawakumngoja. Alisikia miguu ikiingia njia ya migombani, ile yenye mfereji, na wimbo wa kupokea mwili ukipanda. Kisha akasikia mtu akisema "Angalia hapo," akasikia ubao ukipasuka, na baada yake sauti ya Ma Jovitha, mjane wa Ta Bartholomayo, ikilia kilio ambacho hakikuwa na maneno.

Ildefons aliinuka kitini, akakaa tena. Ilikuwa saa mbili, dakika kumi na nane na sekunde arobaini. Kamera haikumhitaji. Mtu yeyote angeweza kuiacha uani ikaendelea na kazi yake, na yeye aliyeipanga alilijua hilo kuliko wote. Alikaa. Alikaa dakika ya kumi na tisa yote, akakaa na ya ishirini, macho kwenye kioo. Nyota haikuzimika. Haikupungua hata kidogo. Iliwaka tu.

Alipofika, taa zilikuwa zimerudi. Jeneza lilikuwa juu ya majani ya mgomba, ubao wa kando umeachia, na wanaume watatu walikuwa wakilifunga kwa kamba ya katani huku wakiliziba kwa migongo yao ili watu wasione ndani. Pembeni, kwenye tope la mfereji, alikaa Edvina, ameshika kifundo cha mkono. Alikuwa ameshika nafasi ya sita. Mwanamke habebi jeneza kijijini kwao, lakini ilikuwa giza, nafasi ilikuwa ya nyumba yake, na hakuna mtu mwingine aliyesogea. Yeye ndiye aliyekanyaga mfereji.

"Nisamehe, Ma Jovitha," Ildefons alisema.

Ma Jovitha hakumtazama. "Umemaliza?" aliuliza.

Jumapili, kaburini, aliishika sepetu, na mtu mmoja akaichukua mikononi mwake kwa upole, akaendelea kufukia. Hakuna aliyemtolea neno baya. Akarudi nyumbani, akampaka Edvina dawa kwenye mkono, na Edvina akamwacha ampake.

Jumatatu Alexander alipiga simu kutoka Kibeta akiwa hajui hili wala lile, akicheka kwa furaha. Uganda nyota ilizimika kabisa. Kibeta haikuzimika, bali ilififia mara mbili, kidogo sana, ukingoni.

"Ni pete, mwalimu! Na kwa kuwa kwako haikuonekana kitu, tunajua inaishia wapi. Mahali fulani kati ya Kibeta na Muleba. Bila hapana yako tusingejua. Jina lako litakuwemo kwenye makala."

"Vizuri," alisema Ildefons.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu."

Wiki ya tatu tangu maziko hayo, asubuhi, Ma Immakulata akakata roho akiwa anageuzwa kitandani. Ildefons akamfunga macho, akaketi ukingoni mwa kitanda na hofu aliyokuwa nayo tangu Pasaka. Edvina akatoka nje akapiga yowe, kama inavyopasa, kisha wakangoja.

Walikuja. Kufika saa nne uani palijaa. Kuni zililetwa, maji yalichotwa, turubai likafungwa, nyasi zikatandikwa sebuleni. Kaburi lilichimbwa siku hiyohiyo kibanjani kando ya lile la mumewe, kuta zake zimenyooka vizuri kuliko kaburi lolote ambalo Ildefons aliwahi kuliona. Wanaume sita walibeba jeneza mchana kweupe, hatua kwa hatua, wala halikuyumba. Ma Jovitha mwenyewe aliongoza wimbo. Ildefons alilia, na sehemu ya kilio chake ilikuwa shukrani; alidhani wamemsamehe.

Chakula kilipoivishwa hakuna aliyekinusa. Ndizi na maharage vilikaa kwenye masufuria mpaka utando ukashika juu. Katika kijiji hicho watu hulala kwa mfiwa, uani, wakizunguka moto, usiku wa kwanza na zaidi. Jua lilipoanza kushuka wakakunja turubai. Wakachukua majembe yao, mmoja mmoja, wakaagana na jamaa wa marehemu waliotoka Izimbya, wakaingia njia ya migombani.

Ildefons akamkimbilia Kamugisha. "Waitu, katibu. Mnaondoka?"

"Ma Immakulata hakukosa msiba wa mtu hata mmoja," alisema Kamugisha. "Tumemlipa yeye. Kwa heri, mwalimu."

Giza likaingia. Jamaa wa Izimbya walikuwa wazee, wakaingia ndani kulala. Ildefons akauchochea moto mkubwa uliokuwa umewashwa kwa watu arobaini, akaketi upande mmoja, na Edvina akaketi upande wa pili. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa.

"Ildefons," alisema Edvina, na mara hii akamalizia. "Mimi nikifa, atanizika nani?"

Akamngojea ajibu. Mwalimu akatazama njia ya migombani, ambako hakukuwa na mtu.