Mwandishi Aliyefanywa Mzaramo

Mwalimu Dionis Lugembe alikuwa na vitu viwili vya kujivunia mjini Tabora: kofia yake ya pama, aliyoinunua dukani kwa Thabit pale Kanyenye, na darasa lake la nane. Kofia haikuwahi kumwangusha. Darasa, mwaka ule wa hamsini na tatu, lilikuwa linamchimbia kaburi huku likimchekea.

Si kwamba watoto walikuwa wajinga. Thubutu! Mjinga hakufika darasa la nane zama za Mwingereza. Alikwisha chujwa zamani akarudi kuchunga. Taabu ilikuwa moja tu, insha ya uchambuzi. Waraka ulikuwa umekuja kwamba mwanafunzi asitosheke kuisimulia hadithi upya, bali aipime. Aseme wapi imefaulu na wapi inachechemea, tena athibitishe kwa maneno ya hadithi yenyewe.

Kitabu chao cha kusoma kilikuwa na hadithi ya Mihambo, mpagazi wa misafara ya zamani aliyebeba pembe ya ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Jina la mwandishi halikuandikwa. Dionis aliwapa wiki nzima. Zikaja insha arobaini, na zote arobaini zikasema hadithi ni nzuri mno, inafundisha uaminifu, na Mungu amzidishie mwandishi umri. Sylvester Bundala, kijana asiyejua kunyamaza, aliongeza kwamba hata karatasi ya kitabu ni laini.

Mwalimu akawauliza kama kweli hawakuona kasoro hata moja. Mwishowe Apolinaria, binti mpole wa mkulima aliyekaa karibu na dirisha, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba aliyeandika kitabu bila shaka ni mtu mzima, na mtu mzima hakosolewi na mtoto, sembuse kwa wino. Darasa zima likatikisa kichwa kumwunga mkono. Sasa hapo mwalimu utasema nini? Ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa, na ndivyo alivyokuwa akimlea mwanawe Modest nyumbani, na kofi juu yake.

Basi Dionis akahangaika. Akawaeleza dai, akawaeleza ushahidi, akachora ubaoni nyumba yenye msingi na paa. Watoto wakainakili ile nyumba vizuri sana, wengine wakaitia na madirisha. Insha za pili zikaja, zikasema hadithi ni nzuri kama nyumba.

Hapo ndipo ilipofika barua. Mkaguzi wa shule, Bwana Raymundi Shilinde, angekuja baada ya wiki tatu kusoma insha za darasa la nane kwa macho yake. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawawezi uchambuzi angehamishiwa shule ndogo ya Choma, akafundishe watoto a, e, i, o, u. Choma si kubaya, ng'ombe wapo na watu wake wakarimu. Lakini Dionis alitoka kwenye shule kama hiyo, akapanda ngazi kwa miaka sita, na wazo la kushushwa lilimkata maini. Mkewe Eustadia aliisoma barua ile mara moja tu, akaikunja.

"Baba Modest," alisema, "ukifika Choma usiache kutuandikia."

Siku tatu Dionis hakula akashiba. Siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, alipita nyuma ya jiko la shule akasikia sauti ya Sylvester. Kijana alikuwa amesimama na bakuli mbele ya mpishi, mzee Kondo. Huyu Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akasahau kurudi. Na kila mtu anajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu wapagazi walipokuwa wakikatiza Uzaramo kwenda pwani na kurudi. Mtani atakusema apendavyo, hata msibani kwako, nawe huna ruhusa ya kununa. Atachukua na kitu chako, nawe umwangalie tu.

"Wewe Mzaramo hujui kupika maharage," Sylvester alikuwa akisema. "Jumatatu yalikuwa mabichi, shahidi jino langu hili. Jumatano yaliungua, shahidi sufuria lako lile, lipindue tulione. Leo yana mawe, na jiwe lenyewe hili hapa. Kwa hiyo hukuja Tabora kupika, ulikuja kutumaliza."

Kondo akajibu kwa utulivu kwamba watu ambao babu zao walibeba mizigo kwa vichwa miaka mia hawakosi kupungukiwa kitu humo ndani, akamwongezea upawa mzima wa maharage.

Dionis alisimama pale pale kama aliyepigwa misumari. Dai lile. Ushahidi huo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa tatu umeshikwa mkononi. Hitimisho likafunga. Mtoto yule yule aliyesifia ulaini wa karatasi alikuwa ametunga insha nzima ya uchambuzi bila kalamu, na bakuli mkononi.

Kesho yake asubuhi mwalimu aliingia darasani, akatundika kofia yake kwenye msumari, akasema uongo. Ulikuwa uongo mfupi, lakini ulioshiba.

"Nilisahau kuwaambia," alisema. "Mwandishi wa hadithi ya Mihambo ni Mzaramo."

Sylvester akauliza, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, Mzaramo anajua nini habari za mzigo? Vitabu vikafunguliwa kwa fujo. Kabla kengele haijalia walikuwa wamegundua kwamba Mihambo anaisahau pembe kambini ukurasa wa tatu, halafu ukurasa wa nne anayo begani. Ukurasa wa tano anavuka mto uliofurika, na mwandishi huyo huyo keshasema ni kiangazi, ng'ombe wanakufa kwa kiu. Tena mtu anatembea siku tisini na haonekani akila hata kiazi. Dionis alitamani kucheza ngoma juu ya meza.

Kazi haikwisha hapo, maana utani una matusi yake, na insha za kwanza zilikuwa na matusi ya kutosha kujaza kapu. Jioni baada ya jioni Dionis aliyakata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: tusi si ushahidi, taja ukurasa. Alimkata Sylvester nusu nzima ya insha, iliyohusu mama mkwe wa mwandishi. Daftari la Apolinaria peke yake halikuwa na la kukatwa. Yeye hakutukana hata neno. Aliuliza tu maswali, akayajibu taratibu kwa ukurasa na mstari. Kufika wiki ya tatu, darasa zima lilikuwa likichambua kama wanaopepeta mtama, na Eustadia, akianza kuamini kwamba hawahami, akapanda mchicha mwingine uani.

Siku yenyewe ikawadia. Bwana Raymundi Shilinde alikuwa Mnyamwezi mwenzao, mzaliwa wa upande wa Igunga, mzee wa miaka sitini aliyenyooka, mwenye miwani na soksi ndefu. Alipokea shikamoo za watoto, akaketi, akaanza kusoma daftari moja baada ya jingine. La kwanza alilisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. La pili akaacha kutikisa. La tatu lilikuwa la Sylvester, nalo lilianza hivi: mwandishi Mzaramo ameupakia msafara wake kila kitu isipokuwa akili. Bwana Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akasoma tena.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "nani amewaambia watoto hawa kuwa mwandishi ni Mzaramo?"

Dionis aliitazama kofia yake msumarini. Angeweza kusingizia kitabu, angeweza kumsingizia Kondo. Lakini watoto arobaini walikuwa wanamtazama, basi akakiri kwamba ni yeye, tena bila kujua mwandishi ni nani.

"Hadithi hii nimeiandika mimi," alisema Mkaguzi.

Loo! Sylvester alilikwapua daftari lake mezani kwa mgeni na kulikalia. Darasa zima likasimama likaamkia shikamoo upya, kana kwamba shikamoo ya kwanza ilikuwa imechacha. Dionis aliiona Choma waziwazi, vumbi lake na ubao wake mmoja, na barua anayomwandikia mkewe.

Mkaguzi akasema haya, sasa mwandishi mnamjua, na Mzaramo si yeye. Akataka kusikia uchambuzi wao kwa mdomo. Akamwelekezea Sylvester kidole. Sylvester, simba wa jikoni, alisimama akasema kwamba hadithi ni nzuri mno, inafundisha uaminifu, na Mungu amzidishie mwandishi umri. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaanza kusifia karatasi. Wiki mbili na ushei za wino mwekundu zilikuwa zinayeyuka mbele ya macho ya mwalimu, na Mkaguzi alikuwa amekwisha kufungua kalamu yake ya taarifa.

Ndipo Apolinaria akasimama bila kuitwa. Mikono aliificha nyuma.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Umekwisha niamkia mara mbili."

"Hii ni ya kuombea ruhusa," alisema Apolinaria. "Hadithi inasema Mihambo ni hodari kwa sababu hatui mzigo. Mimi sikumwamini. Babu yangu alikuwa mpagazi, na bega lake lilikuwa na kovu mpaka tunamzika. Mpagazi asiyetua mzigo hayuko. Lakini ukurasa wa sita, anapofikiwa na msafara uliotoka Tabora nyuma yake akaambiwa mwanawe amekufa, anaitua pembe, anaikalia, analia. Hapo nilimwamini. Halafu ukurasa wa saba anainuka mara moja anaimba wimbo wa utiifu. Mtu aliyeandika ukurasa wa sita anajua msiba. Ukurasa wa saba ni kama umeandikwa na mtu mwingine."

Aliketi, akauinamisha uso wake mezani. Dionis aliona aibu, maana alikuwa amekisoma kile kitabu miaka miwili na ukurasa wa sita hakuwahi kusimama nao. Aliona pia fahari, na kama angepelekwa Choma siku ile ile angeenda akiwa nayo.

Bwana Raymundi Shilinde aliiweka kalamu chini. Aliposema, sauti yake haikuwa ya ukaguzi tena.

"Mihambo ni baba yangu," alisema. "Huyo mtoto alikuwa kaka yangu nisiyemkuta. Ukurasa wa saba niliambiwa niuongeze, ili hadithi iwe na funzo."

Akamwita Apolinaria mbele, akamtaka amwandikie yale maneno kwenye karatasi, na atie jina lake chini. Kisha akaandika taarifa yake kwa muda mrefu, kalamu ikikwaruza, na mwalimu akihesabu kila mkwaruzo.

Kengele ilipolia, watoto wakatoka, na Mkaguzi akasimama mlangoni na Dionis. Kondo alikuwa amesogea na mwiko wake akijifanya anakagua mvua, mwezi wa Agosti. Mkaguzi akasema kwamba mwalimu amefundisha kazi ngumu na watoto wameiweza, japo wengi wao wanaiweza nyuma ya mgongo wa mtu, na hilo alirekebishe. Abaki Tabora. Dionis akaanza kushukuru, akazidisha, akashukuru na ukoo wote wa Shilinde.

"Ngoja," alisema Mkaguzi. "Umenifanya Mzaramo mbele ya watoto arobaini, nikatukanwa hadi mama mkwe wangu, wino wako mwekundu haufichi kitu. Vizuri. Uzaramo nimeukubali."

Akanyoosha mkono, akaiangua kofia ya pama kwenye msumari, akaivaa. Ilimkaa barabara. Dionis alifungua kinywa.

"Usinune, mwalimu," alisema Kondo kutoka nyuma. "Mtani akichukua, amechukua."

Mkaguzi akashuka ngazi akaenda zake kuelekea stesheni, kofia ikiyumba kichwani kwake taratibu mpaka ikapotea nyuma ya miembe.

Eustadia alikuwa amesimama uani, kopo la maji mkononi, tangu saa nane. Alipomwona mumewe anakuja kichwa wazi juani, kopo lilimponyoka na maji yakammwagikia miguu. Alijua vizuri kwamba mwanamume yule asingetenganishwa na kofia ile ila kwa balaa. Akamwuliza kwa woga kofia iko wapi.

"Kofia imehama, Mama Modest," alisema Dionis. "Sisi tumebaki."