Wangeci Mmoja Tu Kitabuni

Katika shamba la pareto nilikozaliwa, karibu na Molo, mtoto wa kibarua alikuwa na haki ya kutibiwa bure hospitali ya Nakuru, mradi jina lake liwe kwenye kitabu cha karani. Haki! Hadi leo neno hilo hunichefua.

Baba yangu, Waithaka, na mdogo wake Kang'ethe walikuwa wana wa Hiram. Kwa desturi yetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Basi kila mmoja alipopata binti, alimwita Wangeci. Kwetu hiyo ilikuwa heshima ya nyanya. Kwa karani wetu, Khaemba, aliyetuandika sote kwa jina la babu, ulikuwa mstari mmoja tu: Wangeci Hiram.

Mwaka wa 1951, katika michezo yangu ya kijinga, nilijitia haragwe sikioni. Khaemba akaniandikia cheti, lori la maziwa likanipeleka Nakuru, wakalitoa. Nikarudi nikiringa.

Wiki iliyofuata, Wangeci wa baba mdogo akashikwa na kichomi. Mama yake alimbeba mgongoni hadi ofisini, kifua cha mtoto kikikoroma. Mimi na mama tuliwafuata.

"Wangeci ashaenda Nakuru juzi," Khaemba alisema, kidole kikiwa kitabuni.

"Huyo ni wa Waithaka, karani. Huyu ni wangu. Si uangalie, wako wawili!"

"Mama, unafikiri mimi ni mjinga? Leo Wangeci, kesho Wangeci. Kitabu iko na mmoja."

Mama alinisukuma mbele nionekane. Khaemba hakuinua macho. Lori likaondoka na mikebe yake ya maziwa, na nafasi ilikuwapo tele.

Alikufa kesho yake asubuhi. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja, na hasira yangu haijapoa. Khaemba, aliyekosa wino wa kumwandika, aliupata wa kumfuta. Alipiga mstari mwekundu juu ya Wangeci Hiram.

Mvua za mwaka uliofuata, sikio langu lilelile likaanza kutoa usaha. Usiku kucha nililia. Mama akanishika mkono hadi ofisini. Khaemba alifungua kitabu, akatikisa kichwa, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Pole sana, mama," alisema. "Wangeci alikufa."

Nilimsikia kwa masikio yote mawili. Sasa nasikia kwa moja.